Shati la Jana

Mimi ni dobi, na dobi haamini maneno ya mtu mpaka aone nguo zake. Mtu atakuambia jana alikuwa kikaoni mpaka jioni, kumbe kola ina rangi ya mdomo. Mimi simo. Nafua, napiga pasi, nakunja, namkabidhi mzigo wake na salamu kwa mkewe. Ndiyo maana nikikumbuka habari ya kile kitabu huwa najicheka mwenyewe, kwa sababu jibu lilikuwa likipita mikononi mwangu, nami naliloweka na sabuni.

Nilihamia kwa mdogo wangu baada ya mkewe kufariki. Mdogo wangu ni fundi lifti. Anashinda kwenye majengo ya watu akipandisha na kushusha, halafu yeye mwenyewe anakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Duka langu liko chini kabisa, mlango wake unatazama barabara. Wifi yangu alipokuwa hai nilikuwa na kwangu, nafungua duka asubuhi na kufunga jioni. Alipoondoka, nilipandisha godoro langu ngazi zile zote nikachukua chumba kilichopakana na cha mtoto. Ukuta wenyewe ni mbao tupu. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Mtoto ni wa kike, mmoja tu, ana miaka tisa. Sote tunamwita Meneja. Jina hilo alipewa na mama yake siku alipomwambia daktari anawe mikono kwanza ndipo amguse, na wakati huo hata shule hajaanza. Ukimtuma dukani anakuuliza kwa nini hukununua jana vilipokuwa bei nafuu. Mtoto wa namna hiyo ndiye kila jioni, vyombo vikishaoshwa, anapanda kitandani, anajifunika mpaka kidevuni na kusomewa na baba yake kitabu cha watoto wachanga.

Ni kitabu cha picha kubwa na maneno machache. Kinahusu nungunungu mdogo, Nungu, na soksi nyekundu ya babu yake. Nungu haendi popote bila soksi. Akila iko mapajani, akioga iko juu ya jiwe inamsubiri, akilala anaivaa puani. Na kila anapolala husema: "Soksi yangu, pua yangu, usingizi wangu." Wifi yangu alikuwa akiyasema maneno hayo kwa sauti ya puani, kama mtu mwenye mafua ya wiki nzima, na mtoto alikuwa akicheka mpaka anashikwa na kwikwi.

Tatizo lilikuwa mwisho wake. Kwenye kurasa mbili za mwisho Nungu anaiacha soksi. Meneja alipokuwa mdogo kabisa, kila wakifika pale alilia mpaka sauti ikamkauka. Wifi hakuwa mtu wa kubembeleza jambo lilelile kila siku. Alishuka dukani na kitabu mkononi, akakoroga unga wa ngano kwa maji yangu ya moto, akazipaka zile kurasa, akazibandika pamoja, halafu akakiweka kitabu juu ya kiti.

"Kalia hapo, wifi," akaniambia. "Leo wewe ndiye pasi."

Nilikaa, na kazi ikatoka safi kwa sababu Mungu hakuninyima uzito. Tangu siku hiyo hadithi ikawa inaishia Nungu amelala na soksi puani, na nyumba ikatulia. Mdogo wangu hakulijua hilo. Enzi hizo alikuwa zamu ya jioni. Akirudi anakuta usomaji ndiyo kwanza umeanza, anasimama mlangoni na buti mkononi anasikiliza. Kitabu kizima alikijua kwa masikio tu. Mke alipofariki alihama zamu, akakaa kwenye kile kiti cha pembeni mwa kitanda, akasoma kwa sauti ileile ya puani aliyokuwa akiisikia mlangoni.

Mwanzoni nilikuwa nikiisikia ukutani nakaza meno ili nisilie. Baadaye, niseme ukweli, ilianza kunichosha. Sasa niambie, mtoto anajua kugawanya namba ndefu, anajua kupika wali usioungua, bado anasomewa habari za soksi? Kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili? Nilijisemea kwamba huyu mtoto amekwama, na baba yake, kwa upole wake ule wa kukera, anamkwamisha zaidi.

Halafu ikaja habari ya mama yake mdogo. Huyu ni mdogo wake wifi, anakaa mbali, safari ya kutwa nzima. Ana mabinti wawili wa rika la Meneja, na nyuma ya nyumba zao kuna bwawa la kuogelea la watoto wa wafanyakazi. Alikuwa amemwalika Meneja kila likizo, na kila likizo Meneja alikataa. Safari hii akapiga simu akanitaka mimi.

"Shangazi mtu, nisaidie," akasema. "Mwaka ujao nahamishwa kikazi. Huko niendako ni chumba kimoja na hakuna bwawa. Kama anakuja, ni sasa. Jumamosi nitapita hapo na gari la ofisi."

Nikampa Meneja simu. Akasikiliza, akasema, "Asante sana mama mdogo, lakini safari hii pia sitaweza," kwa sauti ya katibu anayekuambia bosi yuko kwenye mkutano. Akairudisha simu mezani na kuendelea kuchambua mchele.

Nilimwacha. Lakini wiki hiyohiyo, nikigeuza sare zake za shule kabla ya kuzitia majini, nikaona ndani ya gauni kuna nguo nyingine imenasa. Nguo ya kuogelea, ya bluu, ile aliyotumiwa na mama yake mdogo likizo iliyopita. Haikuwa na harufu ya maji wala ya dawa ya bwawa. Ilikuwa na jasho la kwapani na chaki. Mtoto alikuwa akiivaa chini ya sare, anakaa nayo darasani siku nzima, halafu anarudi nyumbani kusema hataweza.

Hapo nilikasirika. Si kwa mtoto, kwa kitabu. Nikaona kila kitu kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi: anatamani kwenda, kitabu kimemshika. Mwalimu wake, nilipomwuliza langoni, aliniambia wapo watoto wanaong'ang'ania kitu cha marehemu, na husaidiwa kukiacha taratibu, kwa mazungumzo. Hilo la kukiacha nililichukua. Hilo la taratibu nilimwachia mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, wote walipoondoka, nikakitoa kitabu chini ya mto wa mtoto, nikashuka nacho. Dukani nina rafu ya nguo za watu wasiorudi: koti la bwana harusi aliyebadili mawazo, pazia la watu waliohama, sare ya timu iliyovunjika. Nikakificha katikati ya pazia. Nikajiambia, leo atalia, kesho atanuna, Jumamosi atapanda gari. Jikaze kisabuni, mwanamke.

Jioni ile tulikula. Vyombo vikaoshwa. Meneja akapanda kitandani. Mimi nikakaa chumbani kwangu, masikio yameelekea ukutani, nasubiri kilio.

"Kiko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba.

"Sijui," akajibu mtoto. "Hakipo."

"Hakipo vipi? Jana nilikiweka hapo."

Nikasikia godoro linainuliwa. Nikasikia kitanda kinavutwa. Akatoka, akafungua kabati la jikoni, akafungua hata jokofu. Akaja mlangoni kwangu na jasho usoni. "Dada, hujakiona kitabu?" Nikamwambia kitabu kipi, maana nikishaanza jambo silirudishi nyuma. Akarudi. Nikasikia kiti kinalia alipokaa.

"Soma tu bila kitabu, baba," Meneja akamwambia. "Si unakijua chote?"

"Ngoja." Akakohoa. Akaanza, "Palikuwa na nungunungu..." Akasimama. Akaanza tena, akasimama tena palepale. Mtu aliyekisoma kitabu kile kila jioni kwa miaka miwili hakuweza kuvuka mstari wa kwanza. Meneja akamwambia basi, ni usiku mwema, na baada ya muda mfupi nikamsikia mtoto anakoroma kwa amani kabisa. Yule niliyemtegea kilio alilala fofofo. Baba yake ndiye aliyekuwa akitembea sebuleni nilipopitiwa na usingizi.

Kesho yake mchana akaja dukani na ovaroli la kazi, grisi mpaka kwenye viwiko, akapita katikati ya wateja. "Dada, una hakika hukukichukua pamoja na mashuka?" Mteja mmoja akamwuliza ni kitabu cha hundi? Akasema hapana, ni cha nungunungu. Watu wakacheka, naye akasimama pale akitazama mashine zangu zinavyozunguka. Nilimwonea uchungu mdogo wangu, na bado sikuelewa kitu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo nazifua kutwa na sikukiona.

Meneja alipotoka shule hakupanda juu. Aliingia dukani, akaweka begi juu ya kaunta, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya wasiorudi, akaingiza mkono ndani ya pazia. Hakupapasa hata kidogo.

"Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Shangazi, wewe kila kitu unaficha humo. Hata biskuti." Akakipangusa kitabu kwa kiganja. "Mrudishie baba kitabu chake."

"Chake? Si chako?"

"Mimi nilikiacha zamani. Nikiwa darasa la pili." Akavuta kigoda akakaa. "Kingine kama hiki kipo maktaba ya shule, na chenyewe hakijagandishwa. Nimeshasoma mpaka mwisho. Kizuri, lakini cha watoto."

Nikaizima pasi. Kuna mambo huwezi kuyasikiliza na pasi ikiwa moto.

"Sasa kama hukitaki, kwa nini kila jioni unajifunika pale kusomewa?"

Akanitazama jinsi anavyowatazama wenye maduka wanaokosea chenji. "Kwa sababu akisoma anaongea kama mama. Akishaongea kama mama, analala. Asiposoma halali. Ile siku nililala kwa rafiki yangu, niliporudi asubuhi nilimkuta jikoni na shati la jana. Nilipougua homa nikalala mapema, asubuhi shati la jana. Na leo asubuhi pia. Wewe hukuona?"

Sikuona. Mashati yale yote nilikuwa nimeyafua mimi, yakiwa yamekunjamana mgongoni kama ya mtu aliyelala kitini, nami nikidhani ni mashimo ya lifti. Nikatazama chini.

"Na kwa mama mdogo?" nikauliza. "Nguo ya kuogelea nimeiona, usinifiche."

Hapo umeneja ukamtoka. Akawa mtoto wa miaka tisa kama wenzake. "Nataka kwenda," akasema. "Nataka sana, shangazi. Lakini nikienda, atamsomea nani?"

Nikamvuta kwangu, na mimi si mtu wa kukumbatia watu saa za kazi. Akalia kwenye aproni yangu, hakulia sana. Alipomaliza akapenga kamasi kwa pazia la watu waliohama, akakifungua kitabu kwenye ile karatasi nene ya mwisho.

"Baba anadhani hapa ndipo mwisho," akasema. "Hajui kama Nungu alilala bila soksi. Unaweza kupafungua?"

Gundi ya unga haishindani na mvuke. Nililaza kitambaa chenye maji, nikawasha pasi, nikapitisha juu kwa mbali, nikaingiza kisu cha siagi pembeni na kusukuma polepole. Zikaachana, ingawa si kwa hiari. Nyekundu ya soksi ilibanduka upande mmoja ikabaki upande wa pili, na Nungu akapoteza sehemu ya sikio. Tukaziacha zikauke kwenye kamba, katikati ya soksi za wateja.

Jioni Meneja akasema kitabu kilikuwa dukani, ndani ya nguo. Hakusema uongo, ila hakusema nani alikiweka huko, na nilimshukuru kimoyomoyo. Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili. Safari hii sikusikilizia ukutani, nilikwenda nikasimama mlangoni, pale alipokuwa akisimama yeye zamani.

Akasoma. Sauti ikawa ile ya puani, ya wifi yangu kabisa, hata zile pumzi ndogo alizokuwa akivuta kabla ya "usingizi wangu." Alipofika pale anapoishia siku zote, akataka kufunga. Karatasi ikageuka mkononi mwake.

Akakitazama. "Hii nini?"

"Ndiyo mwisho," Meneja akasema. "Mama alipabandika kwa sababu nilikuwa nalia. Soma."

"Hapa alikuwa anasomaje?"

"Hakuwahi kupasoma tangu uanze kumsikiliza. Soma wewe."

Akageuka kunitazama, nikamwitikia kwa kichwa. Akajaribu ile sauti ya puani, ikagoma. Hakuwa na mahali pa kuitoa, hakuwahi kumsikia mtu akiyasema maneno yale. Basi akayasoma kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya mtu anayeita mwenzake kutoka chini ya shimo: Nungu alipita vichakani, soksi ikanasa kwenye mwiba. Aliporudi kuichukua akakuta ndani yake amelala panya na watoto wake. Akaivuta kidogo. Akaiachia. "Usiku ule pua yake ilikuwa baridi," akasoma mdogo wangu. "Akalala vilevile."

Kisha akasema kwa hasira, "Angeivuta tu. Panya atatafuta pengine."

"Baba."

"Ilikuwa ya babu yake!"

"Baba," Meneja akasema, "mimi nataka kwenda kwa mama mdogo Jumamosi."

Akakifunga kitabu. "Nani alikukataza?"

"Hakuna aliyenikataza."

"Kwa hiyo ulikuwa hutaki, sasa unataka?"

Mtoto akamtazama tu baba yake, akatazama kitabu, akamtazama tena. Mdogo wangu si mwepesi wa maneno lakini si mjinga. Mtu anayejua kamba ipi imebeba nini hawezi kuwa mjinga. Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo. Aliuinamisha, akaufunika kwa kile kitabu, na mabega yakaanza kutikisika. Meneja akampapasa kichwani. Mimi nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumamosi gari la ofisi likapiga honi. Mama mdogo akapanda ngazi, akatweta, akatulaumu sote kwa kukosa lifti. Begi la Meneja lilikuwa tayari sebuleni, na nguo ya kuogelea alikuwa ameivaa chini ya gauni kwa safari ya kutwa nzima. Baba yake akapiga magoti, akafungua zipu, akakiweka kitabu juu ya nguo zote.

"Cha njiani," akasema.

Meneja akakitoa, akamrudishia. "Baki nacho, baba. Ukikua utaniambia."

Mama mdogo akaangua kicheko, akidhani ni utundu. Mdogo wangu naye akacheka, macho yamejaa maji. Mimi sikucheka. Meneja aliponiaga alinivuta sikio nikainama, akaninong'oneza agizo la kazi: "Asubuhi utaangalia shati."

Jioni ile tulikula wawili, mimi naye, kila mtu na sahani yake. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Kisha akaingia chumba cha mtoto, na nikasikia kile kiti kinalia. Akasoma peke yake, kwa sauti, hadithi nzima. Kwenye maneno ya Nungu alikuwa wifi yangu. Kwenye kurasa za mwisho alikuwa yeye. Akazima taa, mlango wa chumba chake ukafungwa, na baada ya hapo sikusikia nyayo za mtu.

Jumapili simu iliita kabla sijanawa uso. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na maji yanayorushwa.

"Shangazi, shati liko wapi?"

Nilikuwa nimeshakwenda kuangalia, miguu mitupu, kabla ya kila kitu. "Liko kwenye tenga la nguo chafu," nikamwambia. "La jana. Na yeye bado amelala."

Nilidhani atauliza jambo jingine, maana si kawaida yake kukata mazungumzo bila kutoa amri. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, na miguu inakimbia kuelekea majini.